Kaka, viatu vitangoja

Northampton, Jumapili usiku

Kaka mpendwa,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto, na kwa Mama zaidi. Mimi mzima. Kazi ipo, baridi ipo, hapo hakuna la kusimulia.

Ujumbe wako wa pesa za viatu na nauli ya ziara ya timu nimeupata. Kabla ya pesa nina neno. Mlinificha. Mliniambia kijana wako ana homa, kumbe aligongwa kichwa kwenye mechi ya raga akazimia, akazinduka anauliza mechi inaanza saa ngapi! Nimeyasikia kwa Mama, naye alidhani nayajua. Na Jumamosi iliyofuata mwalimu wake wa michezo akamrudisha uwanjani. Miaka kumi na minne natuma karo, mabati, dawa za presha za Mama, halafu mimi ni mtu wa kudanganywa homa? La ng'ombe wa Baba nilinyamaza. Hili sinyamazi.

Wala usiseme nimekuwa Mzungu, eti siipendi raga. Jumapili ile ya Aprili 2016, vijana wetu wa Kenya walipoitandika Fiji 30–7 kule Singapore, si wewe uliyeninyanyulia simu nisikie mtaa mzima ukipiga sufuria? Nilijifungia chooni kazini nikalia. Mwezi uliofuata nilikuwa uwanja wa Twickenham, London, tiketi ya pesa yangu mwenyewe, Collins Injera wetu akivunja rekodi ya trai (mabao ya raga) 230 ya Gómez Cora wa Argentina. Niliwaambia Wazungu waliokaa nyuma yangu kwamba yule ni mtoto wa jirani yetu. Mungu anisamehe, lakini walininunulia bia.

Sasa sikiliza habari ya mtu aliyeng'arisha jina lake katika mji huu ninaoishi. Steve Thompson, pande la mtu, alichezea raga klabu ya Northampton Saints na akaivalia Uingereza jezi mara 73. Fainali ya Kombe la Dunia, Sydney, 2003: dakika za nyongeza zinayoyoma, ni yeye aliyerusha ule mpira mrefu kutoka pembeni, Lewis Moody akaudaka, na baada ya hatua chache Jonny Wilkinson akaupiga katikati ya milingoti. 20–17. Nchi nzima hapa inaukumbuka mpira ule. Aliyeurusha haukumbuki. Amesema mwenyewe kwamba akiangalia video anajiona ameshika kombe, ila hakumbuki kuwa pale. Kuna siku humtazama mkewe na jina likamkataa, mpaka mama wa watu ajitaje.

Aliambiwa ana ugonjwa wa kusahau mwaka 2020. Alikuwa na miaka 42, Kaka. Wewe una mingapi?

Si kwamba aligongwa siku moja kubwa. Ni skramu za mazoezini, yale masukumano ya vichwa chini, wiki baada ya wiki, kichwa kikitikisika na mtu anainuka anaendelea. Yeye na wachezaji wenzake wa zamani wamewashtaki wakuu wa raga, na ubongo wake ameahidi kuwaachia watafiti akifa. Mimi kazi yangu unaijua: wenye kusahau kama yeye nawalisha, nawavisha, nawakumbusha watoto wao ni akina nani. Lakini wangu ni wazee wa miaka themanini na zaidi.

Utanijibu kwa Kayange, nakujua. Kila tukibishana unaniletea Kayange, tena unamleta nusu. Humphrey Kayange huyo huyo aliyekuwa nahodha wa Kenya, akacheza Olimpiki ya Rio 2016 pamoja na mdogo wake Injera, alisomea kemia chuo kikuu. Mwaka 2021 raga ya dunia ilimtia katika ukumbi wake wa heshima, na leo yumo katika Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa. Mwanao anataka kuacha chuo mwaka wa pili kwa ajili ya raga. Hiyo nusu nyingine ataitoa wapi?

Basi nimeamua hivi. Kesho natuma kwa M-Pesa ya wifi, si yako, pesa za daktari wa kichwa. Viatu vitangoja. Huku, tangu 2023, mchezaji wa mtaani au wa shule akigongwa kichwa anatolewa hapo hapo, na harudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Hizo siku 21 azihesabu nyumbani kwako, anioshee ile gari niliyoiacha, maana nasikia mmeigeuza banda la kuku.

Mwambie Mama blanketi na yale majani ya chai ya Waingereza yako njiani. Anajua nitakachotaka nikija Desemba: mrenda, na yeye mwenyewe aupike.

Na leo jioni, bila kumtisha, mwulize kijana mechi ile aliyozimia walimaliza ngapi kwa ngapi. Nitakupigia saa tatu unipe jibu lake, si lako.

Dadako