Risala ya Kikundi cha Ngoma cha Shule kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Mavazi ya Sindimba, Newala

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwalimu Mkuu na walimu wetu,
Wazazi, walezi na wazee wetu wa ngoma,
Wanafunzi wenzetu,

Shikamooni.

Kwa niaba ya kikundi cha ngoma cha shule yetu, tunakukaribisha Newala. Wengi wakialikwa huku juu, kwenye uwanda wa Makonde, hutuma mwakilishi. Wewe umekuja mwenyewe, nasi tunashukuru sana.

Mgeni Rasmi, mavazi utakayoyaona leo hayakutoka dukani. Yameshonwa hapa hapa darasani, baada ya vipindi, na mama zetu pamoja na sisi wanafunzi.

Tulianza kushona kwa kulazimika. Mwaka jana tulishonewa sare na fundi mmoja wa mjini: kitambaa cha kung'aa, sketi ya kubana, zipu ubavuni. Zilipendeza kweli, ila zilifaa watu wa kwaya, wanaosimama mahali pamoja. Sindimba, ngoma yetu ya Wamakonde, huchezwa kwa kiuno, magoti yamekunjwa. Ngoma ilipokolea, mishono ya nyonga ikaachia na zipu zikafumuka. Wenzetu wawili walimaliza mchezo wameshikilia sketi kwa mikono. Uwanja mzima ulicheka, sisi hatukuwa na la kucheka.

Ndipo tukawaendea bibi zetu. Hawakugusa mkasi. Walituambia tucheze kwanza, wao wakatazama nguo inavutwa wapi. Kutokana na siku ile tukapata kanuni zetu. Kitenge cha yadi 6 tunakipasua katikati kwa urefu, na vipande viwili hivyo vinatoa sketi sita, kila moja yadi mbili za marinda, ili nguo iwe na nafasi ya kufuata nyonga. Kiunoni tunatia lastiki na kamba pia, kwa sababu lastiki peke yake hulegea ikilowa jasho. Pindo na marinda tunapitisha cherehani. Mshono wa nyonga ni wa mkono, kwa uzi uliokunjwa mara mbili: sindano inarudi nyuma hatua moja ndipo isonge mbele. Unakula muda, lakini unanyumbuka kidogo mchezaji anapozungusha kiuno, na uzi ukikatika mahali pamoja mshono mzima haufumuki.

Kibwebwe hatukishoni. Ni kanga nzima, haikatwi, inafungwa chini kidogo ya kiuno ili mtazamaji aone kiuno kinavyojibu ngoma. Bibi zetu hukagua mafundo yake mmoja mmoja kabla hatujaingia uwanjani, na aliyefunga ovyo anarudishwa mbele za watu.

Njuga za chuma ni ghali. Badala yake tumekusanya vizibo vya soda, tukavitoboa kwa msumari na kuvishonea kwenye mikanda ya kaniki iliyokunjwa mara tatu. Sauti yake si ile ya njuga za wazee, hilo tunakiri, lakini watoto wa darasa la tatu wameipenda mno, na sasa hakuna kizibo kinachookotwa tena barabarani.

Utaona pia lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago, akitoka, amefunikwa mwili mzima pasionekane hata ncha ya kidole. Vazi hilo halikupita mikononi mwetu. Wazee wamelishughulikia wenyewe, nasi hatukuuliza.

Mgeni Rasmi, shida zetu tunazieleza kwa kifupi. Cherehani tunayotumia ni ya mzazi mmoja, naye anaihitaji kwa riziki yake. Vitenge vya bei nafuu vinachuja rangi, na maji ya kuvilowesha na kuvisuuza tena na tena si ya kupatikana kirahisi huku juu. Michango ya wazazi huja wakati wa malipo ya korosho. Nje ya msimu huo hatuthubutu kumgongea mtu mlango.

Tunaomba vyerehani viwili vya kukanyaga, visivyotegemea umeme, pamoja na vitenge visivyochuja na uzi imara. Ombi jingine ni la kutunyima. Wafadhili wamekuwa wakituahidi fulana zenye maandishi ya kampuni zao, tuzivae tukicheza. Tunawashukuru, lakini fulana hizo tutazivaa mazoezini. Mashindano ya kitaifa ya UMITASHUMTA, yaani michezo ya shule za msingi, yalipofanyika hapa Mtwara mwaka 2021, sisi tulikuwa wenyeji wa mikoa yote. Siku yakirudi, tungependa wageni waione sindimba ikiwa na nguo zake.

Tumekuandalia zawadi ndogo: kofia iliyoshonwa kwa mabaki ya vitenge vyetu. Kipimo cha kichwa chako tulikikisia kutoka kwenye picha, kwa hiyo ikibana, fundi wake ni yule aliyeketi mstari wa mbele kulia; atailegeza kabla hujaondoka.

Naomba kuwasilisha.