Mama, mchana wenu ndio usiku wangu

Leeds, Uingereza
Jumapili, 12 Januari 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mpe na baba shikamoo yangu. Barua hii inakuja kwa mkono wa dada mmoja wa Korogwe anayerudi nyumbani wiki hii. Kaka akusomee, lakini kwanza akusomee ukiwa peke yako chumbani. Mkishaona inafaa na wengine waisikie, sawa.

Waama baada ya salamu, najua utajiuliza barua ya nini wakati simu zipo. Mama, kwenye simu ukiniuliza "hujambo mwanangu?" mdomo wangu unajibu "sijambo" kabla sijafikiri. Na ukiisikia sauti yangu imebadilika unaanza kulia, nami nakata simu, halafu nakuandikia kwamba mtandao ulisumbua. Desemba nimefanya hivyo mara mbili. Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Naomba unisamehe.

Sina ugonjwa wa kutisha, nalisema mapema ili moyo wako utulie. Ila nimechoka, na uchovu huu nimeuficha muda mrefu mno.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu, kwamba nahudumia wazee. Naingia saa mbili usiku, natoka saa mbili asubuhi. Tuko wawili kwa wazee ishirini na wanne, mwenzangu chini, mimi juu. Kila baada ya saa mbili napita vyumbani. Asiyeweza kujigeuza namgeuza ili mgongo usichubuke, aliyelowa nambadilisha, na yupo mmoja anayeamka akimtafuta mumewe aliyekufa zamani, huyo nakaa naye mpaka atulie. Kazi yenyewe naipenda, mama. Ulipokuwa ukimwogesha bibi kwenye kile kitanda cha kamba, mimi nimekushikia beseni, ndipo nilipojifunza namna ya kumgusa mtu mzima bila kumvunjia heshima. Sikufundishwa huku.

Kinachonimaliza ni wingi wa saa. Mkataba wangu ni wa saa 39 kwa wiki, lakini tangu Septemba sijui wiki ya saa 39 inafananaje. Nimefanya 55, nimefanya 60. Msimamizi akipiga simu siku yangu ya mapumziko kwamba mtu kaumwa, zamu iko wazi, nakubali. Sababu moja ni hela. Sababu ya pili ni woga: viza yangu imefungwa kwa mwajiri huyu, na nikiachishwa kazi napewa siku 60 tu nipate mwajiri mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, la sivyo nirudi. Basi kila simu yake naiona kama mtihani. Ule usiku wa kuamkia tarehe 27 Oktoba, waliporudisha saa nyuma kama wafanyavyo kila mwaka, zamu yangu ilikuwa ya saa kumi na tatu, na asubuhi yake nikaombwa nirudi jioni. Nikarudi.

Tangu siku hiyo mmetutangulia kwa saa tatu badala ya mbili. Najua hamlihesabu hilo, na si kosa lenu. Lakini mjomba akipiga saa tano asubuhi baada ya chai yake, kwangu ni saa mbili, ndiyo kwanza navua viatu. Shangazi akipiga saa nane mchana, kwangu ni saa tano, nimelala kwa muda wa saa moja na nusu tu. Mchana wenu wote ndio usiku wangu. Naamka, naongea, nacheka, kisha usingizi haurudi, na jua la huku mwezi huu linazama muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Zipo wiki nimeliona jua mara mbili tu, nikiwa ndani ya basi.

Sasa nikueleze usiku wa tarehe 19 Desemba. Ulikuwa usiku wangu wa sita mfululizo. Saa kumi alfajiri nilimaliza mzunguko nikatazama simu, nikakuta binamu kanitumia picha ya daftari la kamati ya harusi yake. Jina langu ni la nne kutoka juu, na mbele yake pameandikwa 1,000,000. Kando yake kuna alama ya tiki kwa wino mwekundu, maana yake ahadi imethibitishwa.

Mama, hakuna aliyeniuliza.

Niliketi kwenye kiti cha ukumbini nikafungua kikokotoo. Milioni moja ni pauni mia tatu na kitu. Mimi nalipwa pauni 11.44 kwa saa, ndicho kiwango cha chini cha kisheria huku kilichowekwa Aprili 2024. Ni zaidi ya saa 26 za kazi, na hapo kodi bado. Nikawa nahesabu ni usiku gani niziongeze hizo saa, na nikiwa nahesabu nikalala pale pale, simu mkononi.

Niliposhtuka, taa nyekundu juu ya mlango wa chumba cha mwisho ilikuwa inawaka. Mtambo wa kengele unaandika kila kitu: ilikuwa imewaka dakika 38. Ndani yumo bibi wa miaka 91, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo. Alikuwa amejaribu kushuka kitandani akashindwa, akakaa ukingoni, shuka limelowa, miguu imekuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu. Nilipopiga magoti kumvua soksi akaniwekea mkono kichwani, akaniambia pole, anajua tumechoka. Yeye ndiye aliyelowa na kutetemeka, na yeye ndiye aliyenipa pole mimi.

Nikambadilisha, nikamfunika mablanketi mawili, nikamtengenezea chai. Kisha nikaandika kwenye kumbukumbu kwa mkono wangu kwamba nililala kazini. Ningeweza kuandika uongo. Sikuweza, kwa sababu ya ule mkono. Asubuhi niliitwa nikasemwa, na nilistahili. Angeanguka angevunja nyonga, na kwa umri ule ingekuwa habari nyingine kabisa.

Alasiri ya siku hiyo hiyo msimamizi akanipigia kuuliza kama naweza kuingia usiku wa saba. Nikasema hapana. Nilipokata simu mikono ilikuwa inanitetemeka, lakini nililala mpaka asubuhi.

Nilikwenda kwa daktari kwa sababu moyo ulikuwa unanienda mbio hata nikiwa nimekaa. Akanipima damu. Haina tatizo ila vitamini D imeshuka, ile ambayo mwili huitengeneza juani, nami jua silioni. Nimepewa vidonge. Halafu akanielekeza kwa mshauri, mtu wa kuzungumza naye, kila Jumatano kwa simu, mara sita. Najua hapo moyo wako umeruka. Mama, sijapata wazimu, wala sijarogwa. Tafadhali msiende kunipigia ramli na msimpe mtu pesa kwa ajili hiyo. Dua zako zinanitosha, nami nazihitaji, hasa mwezi huu wa Rajabu.

Mshauri huyo hana maneno mengi. Wiki ya kwanza aliniambia niandike kila mtu aliyeniomba kitu Desemba, na kando yake niandike kama niliulizwa au niliambiwa. Walifika kumi na moja. Walioniuliza ni wanne. Waliobaki waliniambia tu: bati za jikoni zimepanda bei, tunangoja, vifaa vya shule vya Januari jumla yake hii hapa, umeandikwa milioni. Niliikalia karatasi ile siku nzima.

Kazini nimeshaanza kurekebisha. Siku ya kwanza nilipoajiriwa nilisaini makaratasi mengi bila kuyasoma, na moja lilikuwa la kukubali kuzidisha saa 48 kwa wiki. Mwenzangu wa chama cha wafanyakazi alinifungua macho: sheria ya huku ya mwaka 1998 hairuhusu mtu kufanyishwa kazi zaidi ya wastani wa saa 48 kwa wiki bila ridhaa yake, na ridhaa hiyo anaweza kuiondoa kwa notisi ya maandishi. Nikaandika mistari mitatu. Usiku ule sikulala nikijiona nimeshafungashiwa mizigo. Msimamizi akaisoma, akaikunja, akasema sawa. Basi. Miezi kumi na sita nilikuwa namwogopa mtu ambaye nilikuwa sijamwambia kitu. Sasa siku za mapumziko simu ya kazi naizima, na zamu za ziada nachukua mbili kwa mwezi, zisizidi.

Lililobaki ni la nyumbani, na hili ni gumu kuliko la kazini, kwa sababu msimamizi hakuuza kiwanja kwa ajili yangu. Baba aliuza kiwanja cha Kange ili mimi nimlipe dalali aliyenileta. Kila nikitaka kusema "sina" nakiona kile kiwanja na ule mwembe wake. Sitaki mdhani nimesahau. Naweka pauni 200 kila mwezi, sizigusi, ni za kumnunulia baba kiwanja kingine. Sikusema kwa sababu nilitaka iwe ya ghafla. Sasa nasema, ili mjue hela zangu zinaelekea wapi.

Mshahara wangu bila zamu za ziada ni pauni 1,680 baada ya makato. Chumba ni 520. Chakula, basi na simu ni kama 330. Desemba nilituma nyumbani pauni 890, mama. Piga hesabu utaona kwamba haiwezekani, na iliwezekana kwa sababu ya zile usiku sita.

Kuanzia mwezi huu nitatuma pauni 300 tarehe 28, mshahara ukishaingia, na nitakutumia wewe mama, si mtu mwingine. Humo mna chakula, umeme wa LUKU, dawa za baba na chako cha kikoba. Namna ya kugawa ni yako, sitauliza. Ada ya mdogo wangu nalipa mwenyewe moja kwa moja shuleni. Bati zingoje masika yapite, maji yakivuja wekeni ndoo kama tulivyokuwa tukiweka zamani. Ile milioni sitaitoa. Nitampa binamu laki mbili kwa mapenzi, maana ndiye aliyenisuka nywele tangu darasa la kwanza, na nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu asije akasikia kwa watu. Mjomba hakuniandika kwa ubaya. Aliona fahari kuwa na mtoto Ulaya, akataka kamati ijue.

Na fahari hiyo nimeilisha mimi. Nimewatumia picha nikiwa na koti jekundu mbele ya maduka, sijawahi kuwatumia picha ya chumba: kitanda, dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na jiko tunalotumia watu watano kwa zamu. Kaka akimaliza kusoma aangalie simu yake jioni, nitamtumia. Si pabaya, pana joto na ni safi, lakini hapafanani na mnavyodhani.

Sasa ombi langu kubwa, mama. Mtu akija barazani kukuambia shida yake, nakujua, unaona haya kumrudisha mikono mitupu, unamwambia "mwanangu atatuma." Tafadhali, kuanzia leo sema "nitamuuliza." Neno moja tu hilo. Mtu akinuna, aninunie mimi niliye mbali, wewe usibebe. Nikiulizwa nitajibu kweli: nikiwa nacho nitasema ninacho, nikiwa sina nitasema sina, na usione aibu kumfikishia jibu hilo.

Ugonjwa na msiba havina saa. Kaka apige mara tatu mfululizo, nitaamka hata nikiwa nimelala vipi. Mengine yote ujumbe wa maandishi unatosha, nitausoma nikiamka.

Wiki iliyopita theluji ilianguka hapa usiku kucha. Nilitoka zamu nikakuta mji mzima mweupe, basi hazipiti, nikatembea dakika hamsini mpaka nyumbani. Yule bibi mwalimu alikuwa ameniazima soksi zake za sufu. Aliniita mlangoni akanikabidhi, akasisitiza nizivae mbele yake. Ninazo miguuni sasa ninapoandika.

Jumapili ijayo nina mapumziko. Nitapiga mimi, saa kumi jioni zenu. Usivae nguo nzuri wala usikae sebuleni kunisubiri. Weka simu jikoni, iegemeze kwenye kopo la chumvi, uendelee kukaanga vitumbua vyako. Ukiniuliza "hujambo?" nipe nafasi kidogo kabla sijajibu.

Mwanao akupendaye,
Mwana wa pili

Tena: ile mafuta ya kuchua goti la baba nimeiweka kwenye mfuko wa pembeni, imefungwa ndani ya kanga ya bluu. Kanga ni yako.