Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Picha Iliyoondolewa Kijitabuni

Ndugu wanachama,

Ziara, mihadhara na upangaji wa sampuli za mawe vilifanyika kama mnavyojua, na sioni haja ya kuvirudia.

Lililozua maneno ni kuondolewa kwa picha ya jiwe lenye mikwaruzo, iliyotolewa kama ushahidi wa barafu ya kale, katika kijitabu chetu kuhusu mwamba uitwao Grand Conglomérat. Yamesemwa mengi, hata kwamba mwenyekiti ameikana barafu. Sijaikana. Mwamba huu wa Katanga, wenye mawe ya kila ukubwa ndani ya tope lililogeuka kuwa jiwe, unahusishwa na enzi ya baridi kali ya takriban miaka milioni 717 hadi 660 iliyopita, na hilo nimelifundisha hapa kabla baadhi ya walalamikaji hawajajiunga. Lakini mwamba huohuo ulikuja kubanwa na kukunjwa zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, na mawe yanayosuguana ndani ya mikunjo huchorana yenyewe. Mikwaruzo ya jiwe letu yote imeelekea upande mmoja, sambamba na mistari ya mkandamizo katika mwamba unaolizunguka, ilhali mikwaruzo ya barafu mara nyingi hukatana juu ya nyuso zilizosagwa zikawa bapa. Wanaotaja matabaka yaliyopinda kuzunguka mawe kuwa ni ushahidi wa barafu nao wayatazame upya: jiwe lililodondoka kutoka kwenye barafu inayoelea hubonyeza au kutoboa matabaka ya chini, na ya juu hulifunika baadaye kwa utulivu, lakini mkandamizo huyapinda ya juu na ya chini karibu sawasawa. Tena huko Kamoa, katika Katanga hiyohiyo, ambako shaba imo chini kabisa ya mwamba huu, uchunguzi umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya unene wake, unaofika kilomita 1.8, ni maporomoko ya tope chini ya maji. Barafu ilikuwapo, pengine mbali. Picha ile haikuithibitisha.

Uamuzi wa kuiondoa ulipitishwa mkutanoni, ambako kati ya wanachama 58 walifika 14, na wanaolalamika kwa sauti kubwa hawakuwamo. Waliolipa ada ni 21. Uchapishaji mpya ulikamilika kwa sababu niliongezea fedha zangu.

Mwakani tunatumaini kukusanya mawe yaliyowekewa alama ya mwelekeo kabla ya kung'olewa, na hali ya mfuko ikiruhusu, kuyakatia vipande vyembamba vya kupimwa kwa hadubini.