Kwa walimu vijana wa Historia: msimpime Tony Blair kwa jumla

Wanangu walimu,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba nyote. Mdahalo wenu juu ya Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza 1997 hadi 2007, nimeufuatilia mwanzo hadi mwisho, na nimeona jinsi mlivyogawanyika. Wa upande mmoja mnasema ni mhalifu wa kivita na mjadala umekwisha. Wa upande wa pili mnasema alisaidia tukafutiwa madeni, aliitetea Afrika mbele ya wakubwa wenzake, na mambo ya vita vya Iraki vya 2003 wajibizane wenyewe Waarabu na Wamarekani. Nimeamua kuwaandikia hadharani kwa sababu ninyi ndio mtakaosimama mbele ya wanafunzi, na mwanafunzi hukaa na maneno ya mwalimu wake miaka mingi baada ya kukisahau kitabu.

Ombi langu ni moja. Acheni kumpima mtu huyu kwa jumla. Uchukueni uamuzi mmoja mmoja, na kwa kila uamuzi ulizeni: siku anaamua alikuwa ameshaambiwa nini, aliyemwambia ni nani, na gharama ilimwangukia nani.

Anzeni na Ireland ya Kaskazini, maana huko ndiko alikofanya kazi yake bora kuliko zote. Alishika madaraka tarehe 2 Mei 1997, akiwa na miaka 43, chama chake cha Labour kikiwa kimezoa viti 418 bungeni. Chama hicho hakikuwa kikigombea ubunge Ireland ya Kaskazini, kwa hiyo hakuna kura alizozitafuta kule. Ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti ulikuwa umeua watu zaidi ya 3,500 katika muda wa miaka thelathini hivi. Msingi wa mazungumzo ulikwishawekwa na John Major aliyemtangulia, na mwalimu mwaminifu hatalificha hilo. Lakini Blair aliyachukua mazungumzo yale akayafanya kazi yake mwenyewe. Alikaa meza moja na watu ambao Waingereza wengi hawakutaka hata kuwaona kwenye televisheni. Waziri wake, Mo Mowlam, aliingia katika gereza la Maze Januari 1998 kuzungumza ana kwa ana na wafungwa wa makundi yenye silaha, kwa sababu bila wao amani isingeshika. Waziri Mkuu wa Ireland, Bertie Ahern, alimzika mama yake wiki ileile akarudi mezani. Makubaliano yalitiwa saini tarehe 10 Aprili 1998, na mwezi uliofuata asilimia 71 ya wapiga kura wa kule wakayakubali. Mimi namheshimu Blair kwa kazi ile, na sioni sababu ya kuinyima sifa yake kwa ajili ya yaliyokuja baadaye. Alisikiliza kwa muda mrefu, akawasikiliza hata wale waliomchukia, halafu ndipo akaamua.

Sierra Leone nayo ni yenu kuifundisha, maana damu ya Afrika Mashariki ilimwagika kule. Mei 2000 waasi wa RUF, waliokuwa wakipigana na serikali, waliwashambulia walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa, wakawateka mamia. Wakenya walizingirwa Makeni na Magburaka, na baadhi yao walikufa. Blair alipeleka askari, kazi yao ya kwanza ikiwa kuwahamisha raia wa kigeni. Kamanda wao, Brigedia David Richards, aliona kwamba wakiondoka tu mji mkuu, Freetown, utaanguka, akaipanua kazi kupita maagizo aliyopewa, na Blair akamuunga mkono. Januari 2002 vita vilitangazwa kuwa vimekwisha. Wanaosema kila mguu wa Mwingereza uliokanyaga Afrika ulikuja kupora wawaulize watu wa Freetown juu ya mwaka ule. Wenyeji wa Sierra Leone walimpa Blair heshima ya uchifu mwaka 2007, na si kwa kulazimishwa.

Ila angalieni alichojifunza yeye. Mwaka 1999 ilikuwa Kosovo, ambako aliungana na NATO kuwapiga Waserbia kwa ndege, mwaka 2000 Freetown, na mara zote mbili alitumia nguvu, mambo yakanyooka, akashangiliwa. Naamini hapo ndipo safari ya Iraki ilipoanzia, kabla hata ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, kule Marekani. Hotuba yake ya Chicago ya Aprili 1999 ilikwishaeleza kwamba nchi zenye uwezo zina haki ya kuingia nchi nyingine kuzuia maovu. Wengi wenu mnamchora kama mtu aliyeamka siku moja akawa mwongo. Historia haiendi hivyo. Alikuwa mtu aliyefanikiwa mara mbili, akaanza kuuamini moyo wake kuliko karatasi zilizokuwa mezani.

Na karatasi zilikuwapo. Tarehe 28 Julai 2002, miezi minane kabla ya vita, alimwandikia Rais wa Marekani, George W. Bush, barua ya siri akimwambia tangu mwanzo kwamba atakuwa naye, liwalo na liwe. Baraza lake la mawaziri lilikuwa bado halijaamua vita. Septemba serikali yake ikatoa waraka juu ya silaha za maangamizi, wenye ile habari kwamba baadhi ya silaha za Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, zingeweza kuwa tayari katika dakika 45. Majasusi walikuwa na mashaka juu ya habari zao, lakini mashaka yale hayakuonekana ipasavyo katika waraka waliosomewa wananchi. Februari 2003 wakuu wa ujasusi walimwonya kwamba kuivamia Iraki kungeongeza hatari ya Al-Qaeda badala ya kuipunguza. Mwezi uleule London ilijaa waandamanaji mamia ya maelfu. Machi mjumbe wake, Baroness Valerie Amos, alizunguka Angola, Kameruni na Guinea kuomba kura zao katika Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Nchi tatu za Afrika zilikuwa na kura ya kusema ndiyo au hapana juu ya vita vya karne, na azimio la pili, lile la kuruhusu vita, halikupigiwa kura kwa sababu walioliandika walijua halitapita. Lifundisheni hilo. Watoto wetu wanadhani Afrika siku zote huwa mtazamaji tu.

Kuna jambo jingine linaloniuma kuliko hayo. Mwanasheria Mkuu wake, Lord Goldsmith, alimwandikia tarehe 7 Machi waraka mrefu wenye mashaka juu ya uhalali wa vita. Siku kumi baadaye likatoka jibu fupi lisilo na shaka yoyote, na mawaziri wakapewa lile fupi bila kuonyeshwa ule mrefu. Siku hiyohiyo Robin Cook, aliyewahi kuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje, alijiuzulu, akasimama bungeni akaeleza kwamba yaelekea Iraki haina silaha za maangamizi kama zinavyoeleweka kwa kawaida. Kesho yake wabunge 412 waliunga mkono vita, 149 wakakataa. Silaha hazikupatikana. Tume ya Sir John Chilcot, iliyochunguza vita hivyo, ilitoa ripoti yake Julai 2016, juzuu kumi na mbili, ikasema njia za amani zilikuwa hazijaisha na vita havikuwa njia ya mwisho iliyobaki. Ilisema pia kwamba kufikia Julai 2009 Wairaki wasiopungua 150,000 walikuwa wamekufa, wengi wao raia, na huenda walikuwa zaidi ya hao. Askari wa Uingereza waliokufa ni 179. Siku ripoti ilipotoka Blair alieleza huzuni na majuto mengi, lakini akashikilia kwamba angerudishwa siku ile angeamua vilevile. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kwa hiyo sipingani na mnaomlaumu. Ninachowakataza ni kuishia kwenye neno "mhalifu", kwa sababu mwanafunzi akishalipata neno hilo hatauliza tena kitu. Akiijua habari ya waraka mrefu na jibu fupi, ataitambua tabia hiyo hata atakapoikuta katika halmashauri ya wilaya yake.

Sasa turudi nyumbani, kwenye rada. Nimeshangaa kwamba mdahalo mzima haukuigusa, ilhali ndipo mahali ambapo uamuzi wa Blair ulituingia mfukoni.

Mwaka 2001 nchi yetu, Tanzania, ilikuwa inafuta ada za shule za msingi, na Novemba mwaka huo tulipata nafuu kubwa ya madeni kupitia Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwezi uliofuata, Desemba 2001, serikali ya Blair ilitoa kibali kwa kampuni ya silaha ya Uingereza, BAE Systems, kutuuzia mtambo wa rada wa pauni milioni 28. Clare Short, waziri wake wa maendeleo ya kimataifa, alipinga waziwazi. Baadaye wataalamu wa usafiri wa anga walioulizwa na Benki ya Dunia walisema mtambo ule ni ghali mno na hautufai kwa kuongozea ndege za abiria. Blair alilisikia pingamizi la waziri wake, akaruhusu. Mwaka 2002 watoto walimiminika madarasani, na ninyi mliokuwa darasa la kwanza wakati huo mnakumbuka mlikaa juu ya nini.

Baadaye ikajulikana kwamba kampuni ilimlipa wakala wake zaidi ya dola milioni 12 katika biashara ile. Desemba 2010, katika mahakama ya Southwark mjini London, BAE Systems ilikiri kosa la kutotunza hesabu za malipo hayo ipasavyo. Jaji alisema ungekuwa ujinga uliopindukia kuamini kwamba wakala yule alikuwa mshawishi tu mwenye malipo mazuri. Kampuni ilikubali kutulipa pauni milioni 29.5, na mwaka 2012 ikaafikiwa zinunue vitabu na madawati ya shule za msingi. Hesabuni wenyewe: fedha zilizorudi zilizidi bei ya rada.

Hakuna ushahidi kwamba Blair alipata hata shilingi moja, na msije mkafundisha hivyo. Kosa lake ni kwamba aliweka ajira na faida ya kampuni ya kwao mbele ya onyo la waziri wake mwenyewe. Alirudia jambo la aina hiyohiyo Desemba 2006, uchunguzi wa rushwa katika mauzo ya silaha za kampuni hiyo kwa Saudi Arabia ulipositishwa, naye akaubeba uamuzi ule kwa jina la usalama wa taifa. Lakini hapa, wanangu, msiwe waoga. Rada haikuletwa kwa mtutu wa bunduki. Serikali yetu ndiyo iliyotaka kuinunua, ikaitetea bungeni na magazetini. Mwalimu anayemlaumu Blair kwa rada akanyamaza juu ya waliosaini upande wetu, huyo amefundisha nusu ya somo, tena ile nusu isiyomgharimu kitu.

Juu ya madeni, ni kweli. Alimweka Rais Mkapa na Profesa Anna Tibaijuka katika Tume yake ya Afrika, na Julai 2005 kule Gleneagles, Scotland, mataifa makubwa yakakubali kufuta madeni ya nchi 18 ya dola bilioni 40 hivi. Tanzania, Uganda na Rwanda zilikuwamo, Kenya haikuwamo. Ahadi ya kuongeza misaada ya Afrika kwa dola bilioni 25 kwa mwaka ifikapo 2010 haikutimizwa yote. Mpeni sifa ya kile kilichofika. Na msisahau kwamba kwa miaka mingi kabla yake makanisa na vyama vya wananchi, Ulaya na huku kwetu, walidai madeni yale yafutwe wakati wakubwa hawataki kusikia.

Chagos, visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo Uingereza iliwahamisha wenyeji wake, nitaitaja kwa kifupi, ingawa inastahili barua yake. Mwaka 2000 mahakama ya London iliwapa Wachagos haki ya kurudi kwenye visiwa vyao, serikali ikakubali. Juni 2004 serikali hiyohiyo ya Blair ikatumia amri za kifalme, bila kulipeleka jambo bungeni, kuwafungia mlango tena. Kwa uamuzi huo sijapata mahali pa kumtetea.

Mambo ya kwao ya ndani, kima cha chini cha mshahara cha mwaka 1999, bunge la Scotland, ada za vyuo vikuu, yaacheni Waingereza wayapime. Wanayajua kuliko sisi.

Basi nawaomba mjaribu hivi muhula ujao. Msiwape wanafunzi swali la kama Blair alikuwa mtu mwema au mbaya. Wapeni uamuzi mmoja, Ireland ya Kaskazini au rada au Iraki, na tarehe zake. Waandike nani alionya, lini, na onyo lilifika wapi. Wa rada wawaulize wazazi wao walikuwa wakilipa nini shuleni mwaka 2000. Watakaochagua Iraki wasome muhtasari wa ripoti ya Chilcot, mkiwatafsiria sehemu ngumu. Wakimaliza wagombane watakavyo. Majibu yao nileteeni niyasome, hata yale msiyokubaliana nayo, hasa hayo.

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Morogoro