Tuanze na walimu, kompyuta zitafuata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu elimu ya uelewa wa habari na taarifa, yaani kuipima habari kabla ya kuiamini, ambayo wengi tunaichanganya na somo la kompyuta.

Msimu uliopita ilizunguka picha kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Chamwino: wingu la kweleakwelea, wale ndege wanaokula nafaka, juu ya shamba, na maneno kwamba wameshaingia kata ya jirani. Majirani zangu wawili wakakata uwele ungali mbichi. Mimi niliisambaza pia, tena nikaongeza "chukueni tahadhari". Kesho yake nikawaonyesha darasa la sita. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hilo gari usukani uko kushoto?" Kweli, kando ya shamba palikuwa na pikapu. Tukaikuza picha: hata namba za gari si za kwetu. Ndege wenyewe hawakuja.

Nina miaka 19 kazini. Chuoni nilifundishwa namna ya kufundisha kusoma. Kuuliza nani kaandika, lini, na kwa faida ya nani, sikufundishwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamkamata anayesambaza jambo akijua ni uongo. Sisi tunaosambaza kwa hofu, nani atatufundisha?

Jambo hili si geni. Azimio la Grünwald, huko Ujerumani, lilidai elimu ya vyombo vya habari tangu 1982, enzi za redio na televisheni. Mwaka 2011 UNESCO ikatoa mtaala, na ikauandika kwa ajili ya walimu. Hapo walipatia. Chuo Kikuu cha Dodoma tunacho hapa hapa, na kinatoa walimu. Ningependa kila mwalimu mtarajiwa asome somo hili likijitegemea, lenye mtihani wake, si mada ya nusu saa ndani ya TEHAMA, na akija kwetu kwa mafunzo kwa vitendo tumwone akilifundisha.

Tusiambiwe tusubiri kompyuta. Kwetu umeme unakatika, na wanafunzi hawaruhusiwi simu. Ile picha niliichapisha stationari kwa shilingi 1,000, ya rangi, nikaibandika ukutani darasa la sita. Wageni wanaoingia, wakubwa kwa wadogo, hutazama ndege. Gari hawalioni mpaka watoto waanze kucheka.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Chamwino, Dodoma