Kwa Nini Tunakuuliza Maswali Mengi Unapoomba Gari la Wagonjwa

Lalamiko tunalolisikia mara nyingi kuliko yote halihusu bei wala mwendo wa gari, linahusu simu. Mtu anapiga usiku wa manane, baba yake amezidiwa, na anachotaka kusikia ni neno moja tu, kwamba gari limeshatoka. Badala yake anakutana na sauti inayomuuliza mgonjwa anapumuaje, yuko ghorofa ya ngapi, geti lina rangi gani. Mama mmoja wa Tabata alituambia waziwazi, mumewe alipokwisha kupata nafuu, kwamba usiku ule alijiona kama anahojiwa kituo cha polisi ilhali mgonjwa anatweta ubavuni pake. Tulimwomba radhi, kisha tukamweleza sababu ya kila swali. Tumeona tuyaandike maelezo hayo kwa ajili ya wateja wetu wote, kwa kuwa ni heri mtu ayasome akiwa ametulia sebuleni kuliko kuyasikia kwa mara ya kwanza akiwa ameshika simu mkono mmoja na mgonjwa mkono wa pili.

Kwanza ifahamike kwamba maswali hayalizuii gari. Mpokea simu wetu akishajua mgonjwa yuko mtaa gani na hali yake kwa kifupi, dereva na muuguzi wanaondoka, na mazungumzo yanaendelea wakiwa barabarani. Ndiyo maana tunasisitiza usikate simu hata ukisikia kwamba gari limeshatoka.

Swali la kwanza kabisa ni kama mgonjwa anaitika akiitwa na kama anapumua. Ubongo uliokosa hewa huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi, na hakuna gari katika jiji hili la Dar es Salaam linaloweza kukuahidi dakika nne kutoka Sinza hadi Buguruni saa kumi na mbili jioni. Ikiwa mgonjwa haitiki na hapumui, msaada wa kwanza hautoki kwetu, unatoka mikononi mwako, na kazi ya mpokea simu ni kukuongoza: mlaze chali sakafuni, si juu ya godoro linalobonyea, weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, bonyeza kwa nguvu hadi kifua kishuke sentimeta tano hadi sita, kisha kiachie kirudi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kama mko wawili mpokezane kila baada ya dakika mbili. Jihadhari na jambo moja linalowapotosha wengi. Mtu ambaye moyo wake umesimama anaweza kuendelea kukoroma au kutweta mara moja moja kwa dakika kadhaa, na ndugu wakadhani bado anapumua. Huko si kupumua, na kifua kibonyezwe.

Ukituambia kwamba mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki au maneno hayaeleweki, tutakuuliza swali linaloonekana la ajabu: mara ya mwisho mgonjwa alionekana mzima saa ngapi? Dalili hizo ni za kiharusi, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa kuonyesha kwamba mshipa haujapasuka. Aliyekutwa hivyo asubuhi hahesabiwi kuanzia asubuhi, bali kuanzia alipoagana na wenziwe usiku akiwa salama. Andika saa hiyo kwenye karatasi na umpe muuguzi wetu, maana daktari ataiuliza tena.

Kisha linakuja swali la mahali, nalo ndilo linalotugharimu dakika nyingi kuliko foleni. Wakazi wa Dar es Salaam tunaelekezana kwa vituo vya daladala, misikiti, mabaa na miti, na mara nyingi tunaelewana vizuri. Tatizo huanza jina moja linapobeba sehemu mbili. Katika miaka yetu ya mwanzo tulipokea simu kutoka "Mbezi, karibu na kituo", na gari letu likapandisha barabara ya Bagamoyo hadi Mbezi Beach, wakati mgonjwa alikuwa Mbezi Luis, barabara ya Morogoro, upande wa pili kabisa wa Goba. Kosa lilikuwa letu kwa sababu hatukuuliza. Mgonjwa alifika hospitali salama, lakini zile dakika ambazo bintiye alisimama barabarani akitazama kila taa inayokuja hatujazisahau, na tangu siku hiyo hakuna simu inayopita bila swali la "Mbezi ipi?" Vivyo hivyo Tabata haitoshi mpaka ujue kama ni Kimanga, Relini, Bima au Segerea, na Kimara haitoshi mpaka utaje kama ni Baruti, Korogwe, Mwisho au Temboni.

Kibao cha anwani ya makazi kilichobandikwa nyumbani kwako, chenye namba ya nyumba na jina la barabara, kinasaidia sana, nasi tunaomba ukitaje. Hata hivyo mwenye nyumba mwenyewe mara nyingi haikumbuki namba yake, na usiku kibao hakisomeki kutoka ndani ya gari. Kwa hiyo tunakuomba utume lokesheni kwa WhatsApp, kisha umtume kijana asimame pale mnapoingilia kutoka barabara kubwa akiwa na tochi au simu iliyowashwa taa. Pasipo mtu nyumbani wa kumtuma, mpigie dereva wa bodaboda wa kijiweni kwenu. Anaujua mtaa kuliko ramani yoyote, na tumezoea kumfuata yeye kwa nyuma hadi getini.

Maswali ya ngazi na uzito huwaudhi baadhi ya wateja, hasa tunapouliza kilo za mama mtu. Hatuna nia ya kumvunjia mtu heshima. Machela ya ndani ya gari ina urefu unaokaribia meta mbili, na katika majengo mengi ya Kariakoo na Upanga haiwezi kukata kona ya ngazi wala kuingia kwenye lifti ikiwa imelala. Tukijua mapema tunakuja na kiti cha kubebea mgonjwa, chenye mikanda na vishikio vya mbele na nyuma, na tunaongeza watu wa kubeba. Tusipojua, tunafika tukiwa wawili chini ya ghorofa ya nne, na mgonjwa mwenye kilo 110 anasubiri tukitafuta nguvu za majirani.

Sasa tuje kwenye oksijeni, jambo ambalo wateja wengi hawalifahamu na ambalo sisi tunalihesabu kila siku. Watu huamini kwamba gari likiwa na mtungi basi lina oksijeni, kama vile gari lenye tangi lilivyo na mafuta. Lakini mtungi una kiasi chake, na kiasi hicho hukokotolewa kwa kuzidisha ujazo wa mtungi kwa presha iliyomo. Mtungi wetu mkubwa una ujazo wa lita 10. Ukijazwa hadi presha ya bar 150 unatoa lita 1,500 za oksijeni. Mgonjwa anayehitaji lita 4 kwa dakika kupitia mirija ya puani atautumia kwa zaidi ya saa sita. Mgonjwa mahututi aliyevishwa barakoa yenye mfuko, anayehitaji lita 15 kwa dakika, ataumaliza mtungi huohuo katika dakika 100, na kwa kuwa hatukubali kuendesha hadi sindano ya geji ifike sifuri, bali tunaacha robo kama akiba, zinabaki dakika 75. Kwa safari ya kutoka Chanika hadi Upanga jioni ya Ijumaa, dakika 75 si nyingi.

Mtungi mdogo wa kubebea unatisha zaidi. Una ujazo wa lita 2, ambao kwa presha hiyohiyo ni lita 300 za oksijeni, na kwa mgonjwa wa lita 15 ni dakika 20 tu. Ndani ya dakika hizo mgonjwa anatakiwa atolewe chumbani, ateremshwe ngazi na kuingizwa garini. Na upande wa pili ashushwe, apitishwe mapokezi na kufikishwa kitandani kwenye oksijeni ya hospitali. Ndiyo maana tunamuuliza daktari au ndugu, tena kwa kurudia, "anatumia lita ngapi?" Jibu la "yuko kwenye oksijeni" halitusaidii kupanga chochote. Jibu la "lita 10, na bado kipimo cha oksijeni ya damu cha kidoleni kinasoma asilimia 88" linatufanya tupakie mtungi wa pili mkubwa kabla ya kuwasha gari. Wateja wanaotumia mashine ya oksijeni ya umeme nyumbani tunawaomba wasome namba kwenye mashine sasa hivi, waiandike, na waibandike ukutani, kwa sababu umeme ukikatika mashine inazimika na namba ile haionekani tena.

Niongeze jambo dogo linalowashangaza wanaotuona kazini. Muuguzi wetu akitaka kufungua mtungi hufuta mikono yake kwa kitambaa kikavu, na hamruhusu ndugu aliyetoka kumpaka mgonjwa mafuta aguse kichwa cha mtungi. Mafuta au grisi ikikutana na oksijeni ya presha kubwa inaweza kuwaka moto bila kiberiti. Kwa hiyo usikasirike ukiambiwa urudi nyuma.

Swali la hospitali nalo lina mitego yake. Mteja akisema "mpelekeni Muhimbili", tunalazimika kuuliza Muhimbili ya wapi, kwani tangu Mloganzila iwekwe chini ya Muhimbili mwaka 2018 jina moja linabeba sehemu mbili, ya Upanga na ya Mloganzila, na kwa mtu wa Kimara hizo ni pande mbili zinazopeana mgongo kwenye barabara ya Morogoro. Hata ndani ya eneo la Upanga, aliyevunjika mfupa au kuumia kichwa anaweza kuwa ameandikiwa MOI, yaani Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, na mwenye tatizo la moyo ameandikiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Kama mgonjwa anahamishwa kwa rufaa, tunaomba daktari anayempeleka azungumze na daktari anayempokea kabla hatujaondoka, ili kitanda kiwe kimeandaliwa. Rufaa kutoka hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala iliyotanguliwa na simu hupokelewa tofauti kabisa na ile inayogonga mlango bila taarifa, na tofauti hiyo mgonjwa wako ataihisi.

Msimu wa masika unabadilisha hesabu zote. Jangwani ikifurika, barabara ya Morogoro hufungwa kati ya Magomeni na Fire, na gari lililotarajia kuvuka bonde la Msimbazi kwa dakika chache linalazimika kuzunguka kwa barabara ya Kawawa hadi Morocco, kisha kushuka barabara ya Ali Hassan Mwinyi pamoja na magari yote mengine yaliyokimbilia huko. Kwa sababu hiyo tunafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni, na ikitolewa tahadhari ya mvua kubwa kwa Dar es Salaam, hatuyalazi magari yetu sehemu moja: moja linabaki upande wa Upanga na jingine linalala upande wa Magomeni. Wewe pia, ukiwa na mgonjwa anayesafishwa damu kwa ratiba au mama aliyekaribia kujifungua, na nyumba yenu iko bondeni, usiichukulie tahadhari hiyo kama habari ya redio tu. Mhamishie kwa ndugu aliye upande wa hospitali yake mvua ikiwa bado haijaanza.

Kuhusu mama mjamzito, mzazi aliyetoka kujifungua na mtoto mchanga, tunapenda mjue kwamba ipo huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, ambayo hupigiwa namba 115 bila malipo. Ipigieni hiyo kwanza. Hatutaki mtu akope fedha za kutulipa sisi kwa jambo ambalo serikali imeliwekea namba ya bure. Na kama mtu anavuja damu nyingi, yuko jirani na hospitali, na ipo teksi mlangoni, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi na uondoke naye, usitusubiri. Anayepaswa kusubiri ni yule aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari na analalamika shingo au mgongo, kwa kuwa kumkunja ndani ya bajaji kunaweza kumharibia uti wa mgongo ambao ulikuwa bado mzima.

Kwa familia zinazouguza nyumbani kwa muda mrefu tumeanzisha utaratibu mmoja ambao hautozwi chochote. Tunakuja mchana, siku ya kawaida, mgonjwa akiwa ametulia. Tunapima upana wa mlango na kona za ngazi, tunaangalia gari litageuzia wapi, tunaandika lita za oksijeni, dawa anazotumia, hospitali yake na simu ya jirani mmoja. Yote hayo yanaingia kwenye kadi moja inayokaa mezani kwa mpokea simu. Ya mzee mmoja wa Kimara Temboni inasema hivi: geti jeusi baada ya mwembe, mbwa afungwe, ngazi kumi na nne, kiti si machela, lita tatu. Mwanawe alipotupigia mwezi uliopita saa tisa usiku, alitaja jina la baba yake, na tulimuuliza swali moja tu, kama mzee anapumua.