Barua kutoka Portsmouth: Baba na Nevi

Portsmouth, Uingereza

Kwa Mama, na wadogo zangu wote hapo Likoni,

Assalaam alaykum. Mama, shikamoo. Natumai eda inakwenda salama na dawa za presha unameza bila kusukumwa. Huku sote wazima, isipokuwa baridi, nayo tushaizoea.

Nimesikiliza sauti zote mlizonitumia za hitma ya arobaini. Ami kasema vizuri, na wale wazee wenzake Baba wa kambi ya Mtongwe wamesema vizuri zaidi. Baba alifariki asubuhi akazikwa alasiri, hata tiketi sijaanza kuulizia. Sina neno. Ndiyo sunna, na mwenyewe asingekubali kulazwa kwenye barafu akimngojea mtu. Ila kwa kuwa sikupata kutia mchanga, nami nataka kusema yangu, na wa kwanza kumjibu ni kitinda mimba wetu.

Uliandika kwenye kundi kwamba Baba alikuwa wa Nevi, jeshi la wanamaji, kwanza, sisi tukala makombo, na hata alipostaafu aliishi nyumbani kama yuko melini. Sikukujibu palepale, maana mle ndani kina Ami nao wanasoma. Kuhusu kukaguliwa shuka kila asubuhi sina la kumtetea: alizikagua. Kuhusu kusubiriwa mezani saa moja kamili kama kuna gwaride, kweli pia. Lakini makombo, hapana. Wewe ulikuwa mdogo, kuna mengi yalikupita.

Muulize Mama kuhusu Jumapili usiku. Baba akiwa hayuko zamu, hakuna aliyeruhusiwa kugusa sare zetu za shule. Anatandika blanketi la kijivu juu ya meza ya kulia, anatoka barazani kupuliza makaa ya ile pasi yenye kijogoo mbele, anarudi akinyunyiza maji kwa vidole. Sketi yangu ilikuwa na marinda mengi. Alikuwa akiyapiga rinda moja moja kuanzia kushoto, na moja likikaa upande anaanza upya lote, hana haraka, huku akisikiliza mpira redioni. Mtu ambaye kambini alikuwa na vijana wa kumpigia pasi zake! Walimu walidhani tuna dobi.

Hapa kazini kuna mzee mmoja ninayemhudumia, naye alikuwa baharia wa Malkia. Nilipomwambia marehemu babangu alikuwa Meja wa Nevi, alicheka mpaka akakohoa. Kwao mwanamaji hana umeja. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu Kenya majeshi yote yanatumia vyeo vile vile vya jeshi la nchi kavu, hata kamanda wa Nevi ni Meja Jenerali. Akatikisa kichwa, akaona mambo yetu vurugu. Nilipomtajia Simba, Chui na Ndovu ndipo akakaa sawa kitini. Zile boti tatu za doria za mwaka 1966 zilijengwa na kampuni ya Vosper, papa hapa Portsmouth, na mzee anaikumbuka Vosper vizuri. Chui ndiyo aliyoanzia kazi Baba. Nevi yenyewe ilikuwa changa wakati huo, imeundwa Desemba 1964, na wakubwa wake walikuwa Waingereza hadi 1972, Kimaro alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuiongoza. Baba alipenda kusema kwamba yeye na Nevi walifundishana kutembea.

Mwaka 1975 naye aliletwa nchi hii, Lowestoft, wakati boti zetu nyingine, Madaraka, Jamhuri na Harambee, zinamalizwa kujengwa kule. Wenzake walirudi na redio za kaseti. Yeye akamletea Mama koti zito la sufu, Likoni! Mama, ulilitundika msumarini miaka na miaka, watu wakilicheka, mpaka siku ulipolikunja ukanitilia kwenye sanduku langu. Hapa halichekwi na mtu.

Sasa nije kwenye lile ambalo mdogo wangu huwezi kulikumbuka, kwa sababu ulikuwa bado unanyonya. Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya MV Mtongwe ilipinduka asubuhi ikiwa imepakia watu kupita kiasi, wengi wakienda kazini kisiwani Mombasa. Ilikuwa karibu kabisa na nchi kavu, na bado watu 272 walikufa. Kambi ya Nevi iko pale pale. Baba hakuwa mpiga mbizi. Alikuwa kwenye mashua, kazi yake kuwapokea waliokuwa wakitolewa chini. Miongoni mwao walikuwamo watu wa mtaa wetu, aliokuwa akisalimiana nao msikitini.

Aliporudi hakuingia ndani. Alivua viatu nje, akaomba ndoo, akajimwagia maji uani na nguo zake mwilini. Kisha akatuita, akatuuliza kila mmoja: wewe unajua kuogelea? Fikiria, watoto wa Likoni, bahari tunaisikia kitandani, na hakuna hata mmoja aliyejua. Mama naye akaulizwa. Akadhani ni utani.

Tangu hapo, akipata siku ya mapumziko, tukishaswali alfajiri tunashuka naye Shelly Beach. Siku za bamvua hatuendi, anataka maji yaliyotulia. Kupiga mikono hakutufundisha kwanza. Alitaka tujue kuelea chali. Anakuweka kiganja chini ya mgongo, anakwambia tazama mawingu, legeza shingo, usinitazame mimi. Mimi nilimkaba shati kwa wiki kadhaa. Kaka yenu alijua mara moja akatutambia mwezi mzima. Mama aliingia na leso mbili, moja kiunoni moja kifuani, na majirani wakasema Meja karukwa na akili, anamtosa mkewe. Yeye hakujibu mtu. Na wewe, bwana mkubwa, alikuweka uelee juu ya mkono wake mmoja ukiwa hujatembea, ukamkojolea, akacheka kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa. Mama yupo, muulize.

Tena alitufundisha kupanda feri. Usikae ndani ya gari, shuka. Usisimame katikati ya malori. Ukiingia tu, tafuta jaketi za kuokolea ziko wapi kabla hujatafuta pa kuegemea. Mimi nikivuka hapa kwenda Gosport, safari ya dakika chache tu, bado nageuza shingo kuzitafuta, na wanangu wananicheka. Kwa hiyo kama Baba alituletea Nevi nyumbani, mimi namshukuru kwa hilo.

Yaliyobaki ni ya shughuli. Pensheni ya Mama isicheleweshwe: wataulizia cheti cha kifo, kitambulisho chake, na cheti cha ndoa kutoka kwa Kadhi, ambacho kimo kwenye bahasha ya kaki ndani ya kabati la Baba, rafu ya juu. Mama hatoki, kwa hiyo kaka yenu atangulie kuuliza, na kila karatasi atoe nakala kabla ya kuikabidhi. Ile sare nyeupe na nishani zibaki kwa Mama, asipewe mtu kwa maneno matamu. Mashua apewe mtoto wa Ami, yeye ndiye anayeiendesha, lakini aitie rangi kabla ya pepo za kusi. Deni la duka la mwarabu, shilingi zake nimeshazituma kwa simu ya dada, na kilichozidi ni cha umeme.

Mama akitoka eda nitakuwa nimepata likizo, inshallah. Msinipokee uwanja wa ndege gari zima. Aje mmoja tu, tuvuke Likoni kwa miguu.

Nisalimieni Ami, na jirani yetu wa mbele aliyesema Baba karukwa na akili. Nasikia siku hizi wajukuu wake wanaogelea.

Ni mimi binti yenu,
Dada mkubwa